Gari la turbo: sensa ya oksijeni ifungwe wapi?

Sensa ya oksijeni ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye ekzosi ili kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kwa gari la turbo, mahali inapokaa ni muhimu kuliko bei yake. Sensa nzuri ikifungwa pabaya hutoa namba ya uongo, na namba ya uongo inaweza kutoboa pistoni.

Jibu fupi ni hili: ifungwe baada ya turbo, kabla ya kataliti, ile ambayo mafundi wengi huiita masega.

Sensa za aina mbili

Sensa hii ilianza kufungwa kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1976, Volvo ilipotumia ya Bosch kwenye magari yaliyokwenda Marekani. Sensa ya aina hiyo ya kwanza inajua jambo moja tu: mafuta yamezidi au yamepungua. Kipimo cha kati ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli.

Sensa ya masafa mapana yenyewe inataja namba. Hii ndiyo anayoihitaji mtu anayetaka kuongeza presha ya turbo na kupanga mafuta upya. Injini inapovuta kwa nguvu, kipimo hushushwa hadi karibu 11 au 12, kwa sababu mafuta ya ziada husaidia kupoza ndani ya silinda.

Kwa nini si kabla ya turbo?

Kwanza ni presha. Kati ya injini na turbo, moshi unakuwa umebanwa ukisubiri kupita. Presha ikipanda, sensa ya masafa mapana hutia chumvi: mafuta mengi huonekana mengi zaidi. Tuseme geji inaonyesha 11 kumbe hali halisi ni 12. Fundi anaamini mafuta yamezidi, anayapunguza. Sasa injini ina mafuta haba kuliko geji inavyosema, inaanza kugonga, joto linapanda, na hapo pistoni iko hatarini.

Pili ni joto. Bosch LSU 4.9, sensa inayotumika sana kwa kazi hii, imetengenezwa kuhimili moshi wa hadi nyuzi joto 930 mfululizo. Kabla ya turbo, gari likikanyagwa sana, moshi unaweza kufika huko. Turbo ikizungushwa hula sehemu ya joto hilo, hivyo moshi unaotoka upande wa pili huwa umepoa kiasi.

Tatu, ncha ya sensa ni ya kauri. Ikivunjika kabla ya turbo, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye feni ya turbo.

Umbali na mkao

Watengenezaji wa geji hizi kwa kawaida hushauri sensa ikae sentimita 60 hadi 90 kutoka mdomo wa turbo. Isisogee sana nyuma karibu na mwisho wa ekzosi, kwani hewa ya nje hurudi ndani na kuharibu kipimo. Isikae pia baada ya masega, kwa kuwa moshi unakuwa umeshabadilishwa.

Bomba likitazamwa kama uso wa saa, sensa ikae upande wa juu, kati ya namba 10 na namba 2. Injini ikiwa ya baridi, maji hujikusanya chini ya bomba. Ncha ya sensa hupashwa hadi zaidi ya nyuzi joto 700, na tone moja la maji linatosha kuipasua.

Makosa ya gereji

• Kuchomelea nati ya sensa huku sensa ikiwa imefungwa. Itolewe kwanza.

• Kuikaza kupita kiasi. Kwa sensa za Bosch za meno ya milimita 18, nguvu ni Nm 40 hadi 60.

• Kuacha tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa. Hewa inayovutwa hapo hufanya ionekane kama mafuta ni haba. Kompyuta ikiamini, inaongeza mafuta, na gari linakula wese bila sababu.

• Kuziba viungo vya ekzosi kwa gundi ya kawaida ya silikoni. Mvuke wake huua sensa.

• Kuiacha sensa kwenye ekzosi bila umeme huku injini inawaka. Masizi huiziba.

Sensa ya kiwandani isiguswe

Yapo magari ya turbo yaliyotoka kiwandani na sensa kabla ya turbo. Hilo si kosa. Kompyuta yake imepangwa kwa mahali hapo, na sensa yenyewe ilichaguliwa kwa kazi hiyo. Ile isihamishwe. Ya geji itafutiwe nafasi yake baada ya turbo.

Kazi ikiisha, injini iwashwe ikiwa ya baridi, kisha mdomo wa ekzosi uzibwe kwa tambara nene kwa sekunde chache. Ukisikia hewa inafuka kabla ya sensa, tundu hilo lizibwe kwanza. Hadi hapo, namba ya kwenye geji isitumike kupanga mafuta.