Ile orodha ya 2015

Wasee, wiki jana niliingia duka la dawa mtaani, muuzaji akaniuliza kwa sauti dawa ni ya nini. Nyuma yangu watu watano. Nikadanganya ati ni ya kichwa, nikarudi jioni kununua niliyotaka. Usiku huohuo nikapakua programu ya afya kwenye simu. Iliuliza mambo ya ndani kuliko yule jamaa, na nikajaza zote.

Hiyo ndiyo imenikumbusha Februari 2015. Mimi nilikuwa darasa la sita. Uhuru Kenyatta, rais wakati huo, aliagiza makamishna wa kaunti, pamoja na wakurugenzi wa elimu na wa afya, wakusanye orodha ya watoto wa shule wanaoishi na HIV, walezi wao, na hata akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Serikali ilisema nia ni kuwasaidia. Na tuseme ukweli, hesabu inahitajika. Bila hesabu utajuaje upeleke dawa ngapi na wapi?

Shida ilikuwa jina. Kuna watu hupanda matatu mbili kwenda kliniki ya mbali ndio jirani asiwaone. Wengine huhamisha ARV kutoka kwa chupa yake, juu vidonge vinalia ukitembea. Mtu kama huyo hajakataa kutoa habari zake, kwani daktari anajua kila kitu! Anachokataa ni karatasi hiyo itoke kliniki ifike kwa kamishna na kwa mwalimu mkuu. Na manze, sisi tuliosoma shule ya msingi hapa tunajua siri ya ofisi ya walimu hudumu hadi saa ngapi.

Shirika la KELIN na wenzao wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua agizo lilivunja Katiba: faragha ya kifungu cha 31, na maslahi ya mtoto ya kifungu cha 53. Majina yaliyokusanywa yageuzwe namba za siri ndani ya siku 45. Wakati huo Sheria ya Kulinda Data haikuwepo hata. Ilikuja Novemba 2019.

Watu husema Wakenya hatujali data, ona foleni ya Worldcoin pale KICC 2023. Sikubali. Tunajali sana, ila tunamwogopa mtu mwenye uso. Kompyuta iliyo ng'ambo haiwezi kumwambia mamangu, basi tunaipa kila kitu. Wale wa 2015 waliona mbali kutuliko: waliuliza orodha ikishaandikwa itapitia mikononi mwa nani.

Programu nimeifuta, lakini kufuta kwangu si kufuta kwao. Sheria ya 2019 inaniruhusu kuuliza wana nini changu, kwa hivyo nimewaandikia. Leo ni siku ya nne, bado kimya.