Tairi za theluji Waiyaki Way: historia ya kile Swift yako imevaa

Swali linalonijia sana kwenye meseji ni moja tu: "Bro, nina Swift Sport, niweke tairi gani?" Na mwenye kuuliza huwa tayari amechagua. Ameona seti ya mtumba kutoka Japani, jina kubwa, meno bado marefu, bei ya kuvutia. Anachotaka ni baraka zangu. Leo sitoi baraka, natoa historia, kwa sababu tairi kwenye zile picha mnazonitumia zimetembea safari ndefu kuliko gari lenyewe.

Na hii si mambo ya showoff. Sisi wa Muthangari tuko karibu na James Gichuru, pale Expressway inapoishia. Tangu ifunguliwe 2022, kijana mwenye kagari kadogo ka kukimbia ana kilomita 27 za lami laini hadi Mlolongo. Kisheria ni 80 kwa saa. Mnajua wenyewe watu huenda ngapi. Halafu anashuka, anapiga shimo, anapanda bampu, na Aprili mvua inamkuta Waiyaki Way maji yakiwa yamefunika laini nzima. Kati yake na hiyo lami kuna vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono.

Neno mpira lenyewe lina hadithi. Kwetu ni kandanda, ni bomba la kumwagilia maji shambani, ni glavu, lakini kabla ya hayo yote ilikuwa ni utomvu. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mizabibu ya mwituni inayotoa mpira, na mmoja wapo bado unaitwa kisayansi Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, yule balozi wa Uingereza Zanzibar enzi za kina Sultan Barghash. Watu waliugema, wakauviringisha mabonge, ukasafirishwa nje kupitia Zanzibar. Kwa hivyo tulikuwa ndani ya hii biashara kabla gari la kwanza halijaingia Nairobi. Kusema kweli, kabla Nairobi yenyewe haijakuwepo.

Kisha 1888, Belfast, daktari wa mifugo anayeitwa John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi ya upepo, baada ya kuijaribu kwenye baiskeli ya mtoto wake. (Kulikuwa na Mskoti, Robert William Thomson, aliyeipata hataza kama hiyo 1845, lakini wakati huo hakukuwa na baiskeli za kutosha za kuuzia mtu tairi.) Ulaya ikataka mpira kwa wingi, na mpira wa mwituni ulikuwa Kongo, kwenye nchi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliimiliki kama shamba lake binafsi kuanzia 1885. Vijiji vikapewa viwango vya mpira wa kuleta. Walioshindwa walichapwa, wake zao wakafungwa kama dhamana, watu wakauawa na mikono ikakatwa. Roger Casement aliandika ripoti yake, ikatoka 1904, na 1908 Leopold akanyang'anywa nchi ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Siwaambii haya ili mlie kila mkijaza upepo. Nawaambia kwa sababu mtu akisema mambo ya tairi ni ya wazungu na Wajapani, ajue walioilipia tairi ya kwanza walikuwa majirani zetu.

Sasa turudi nyumbani. Mzee yeyote wa hapa Nairobi ukimtajia tairi, atakwambia Firestone. Firestone East Africa (1969) Limited: mwaka wa kuzaliwa ulikuwa ndani ya jina. Kiwanda kilikuwa pale Mombasa Road inapokutana na Enterprise Road. Kwa miaka mingi serikali ilikilinda kwa kubana uagizaji, kwa hivyo ukitaka tairi mpya Kenya, kwa kawaida ulinunua iliyotoka pale. Wakosoaji walisema hiyo ni kukalia wateja, na ni kweli ushindani ulikuwa mdogo. Lakini fikirieni faida moja ambayo hatuizungumzii: mtu aliyeamua ubavu wa tairi uwe mnene kiasi gani alikuwa anaendesha barabara hizi hizi. Alijua Narok, alijua njia ya Kitui. Tairi ikipasuka, lawama ilikuwa mtaa wa pili.

Miaka ya 1990 mwanzoni soko likafunguliwa. Wakati huo Firestone ya Marekani ilikuwa imenunuliwa na Bridgestone ya Japani, 1988, kwa dola bilioni 2.6. Hapa kwetu kampuni ikawa chini ya kundi la Naushad Merali, na 2005 ikabadilisha jina kuwa Sameer Africa, ikasukuma chapa yake ya Yana. Tairi za bei ya chini kutoka nje zikaendelea kumwagika. 2016 kiwanda kikafungwa, mamia ya wafanyakazi wakaenda nyumbani, na Yana zikawa zinatengenezwa nje na kuletwa. Leo pale ukipita unaona maghala na ofisi za kukodisha.

Maoni yangu, na mnaweza kubisha: hapo ndipo tulipoacha kuchagua tairi na tukaanza kuchaguliwa. Tangu siku hiyo kila tairi unayoiona dukani Nairobi ilibuniwa kwa ajili ya barabara ya mtu mwingine. Swali ni barabara ya nani, na hali ya hewa ya nani.

Hapa ndipo Japani inaingia, na hapa naomba msiruke mistari.

Kaskazini ya Japani kuna theluji ya kweli, Hokkaido, Aomori, huko. Zamani madereva walifunga tairi zenye misumari ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini barafu ikiisha ilikuwa inakwangua lami yenyewe. Miji kama Sendai na Sapporo ikajaa vumbi la lami, watu wakalalamika mapafu, na 1990 Bunge la Japani likapitisha sheria dhidi ya hizo tairi. Viwanda vilikuwa vimeshaanza kutafuta njia nyingine. Bridgestone walitoa Blizzak mwaka 1988: haina msumari hata mmoja, mpira wake ni laini sana na una vitundu vidogo kama sponji vya kunyonya maji juu ya barafu. Wengine wakafuata. Yokohama wana iceGUARD, Dunlop wana Winter Maxx, Toyo wana Observe. Wajapani wanaziita studless, na mara nyingi neno hilo limechapwa ubavuni.

Familia nyingi za huko zina seti mbili, ya kiangazi na ya baridi. Sasa niambie, siku wanauza gari, wataliacha na seti gani? Ile wanayoitaka ama ile imezeeka? Gari linaingia mnada, linapanda meli, linashuka Mombasa. Kenya tunaruhusu magari yasiyozidi miaka minane, lakini huo ni umri wa gari. Tairi zake zina tarehe zake. Juu ya hapo kuna wanaoleta tairi zenyewe, makontena, zikiishia kupangwa kando ya barabara na kupakwa rangi nyeusi zing'ae.

Nilikuwa kwenye banda moja la tairi juzi, sitalitaja, nikamsikia muuzaji akimwambia kijana wa Demio: "Hii ni laini boss, guza, inashika barabara kama gundi." Kijana akaibonyeza kwa kidole gumba, akaridhika. Na muuzaji hakudanganya kuhusu ulaini. Ilikuwa laini kweli. Ilikuwa na ile alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake.

Shida iko hapa. Mpira wa tairi ya baridi umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu. Ule wa kiangazi umetengenezwa ufanye kazi kuanzia takriban nyuzi 7 kwenda juu. Nairobi jina lake ni la Kimaasai la maji baridi, sawa, na Julai tunavaa majaketi, lakini hata hizo asubuhi mbaya kipimo kinakaa kwenye nyuzi kumi na kitu. Hatufiki huko chini. Mchana lami inachemka. Studless ikipashwa moto hivyo, meno yake yaliyokatwa mikato myembamba kama kachumbari yanalala huku na huku. Unageuza usukani, gari linafikiria kwanza. Unapiga breki, linaenda mbele kuliko ulivyotarajia. Kwenye mvua ni vilevile, maana mvua yetu ni maji mengi ya uvuguvugu, si barafu. Kwenye gari la kawaida la kwenda kanisani unaweza usigundue miaka miwili. Kwenye Swift Sport inayochukua kona kwa hasira utagundua siku mbaya.

Kuna watu wataniambia: lakini Safari Rally! Nakubali, tuongee Safari. Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda na Volvo PV544 ambayo ilikuwa mtumba. Na yangu ya moyoni ni 1993: Patrick Njiru kwenye Subaru Vivio, injini ya cc 660, kagari unakoweza kuegesha jikoni, akamaliza wa 12 kwa jumla. Colin McRae, aliyekuwa na Vivio kama hiyo, hakumaliza. Watu wa magari madogo, huyo ndiye babu yetu.

Lakini angalieni tairi za Safari. Ilipobidi irudi kwenye mashindano ya dunia 2021, kule Naivasha, hadithi ya kila siku ilikuwa mawe na pancha, na hizo ni tairi zenye mbavu nene za changarawe. Kinyume chake ni kile tunachoweka sisi kwa sababu ya picha za Instagram: rimu kubwa, ubavu mwembamba kama chapati. Ule ubavu mwembamba ulikuja kutoka mbio za lami. Pirelli walitoa P7 miaka ya 1970, ikaingia kwenye Porsche 911 Turbo, na dunia nzima ikaamini kuwa gari la kukimbia lazima livae hivyo. Kwenye lami ya Italia, sawa. Njia ya kutokea Kawangware kwenda Lavington ikinyeshewa, utanunua rimu kila mwezi.

Kwa hivyo naweka nini? Swift Sport ya 2005 hadi 2010 ilitoka kiwandani na 195/50R16. Maana yake upana milimita 195, na ubavu ni asilimia 50 ya huo upana, kama milimita 97. Ukishuka hadi 195/55R15, kimo cha gurudumu kinapungua kwa asilimia 1 tu, kwa hivyo spidomita haisumbuki, lakini ubavu unafika milimita 107. Hiyo sentimita moja ndiyo tofauti ya kupita shimo na kulilipia. Hakikisha tu rimu ya 15 inapita kaliper za breki kabla hujatoa pesa.

Tafuta ya kiangazi, mpya, ya daraja la kati, yenye herufi V mwishoni, yaani imepimwa hadi 240 kwa saa. Huendi huko, najua, ila herufi hiyo inaonyesha tairi inavumilia joto. Kama ina stika ya Ulaya, soma herufi ya wingu la mvua kabla ya kitu kingine chochote. A au B, chini ya hapo rudisha. Kuna pia namba ya treadwear ubavuni. Zile za 200 zinashika sana na zinaisha haraka, mimi ningekaa karibu na 300, kwa sababu kodi ya nyumba pia ipo. Jina kubwa la mtumba lenye miaka tisa silitaki hata bure. Nipe chapa isiyojulikana sana iliyotoka kiwandani mwaka jana.

Na umri mnauona wenyewe, hamhitaji muuzaji. Tafuta neno DOT ubavuni, angalia tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zimechapwa upande mmoja tu wa tairi, na ikishafungwa unakuta upande huo umegeuziwa ndani. Ichunguze kabla haijafungwa, pande zote mbili, na tochi ya simu, na uifute ile rangi nyeusi kwanza.