Viungo vya yaliyomo

Viungo vya yaliyomo ni maingizo ya orodha ya yaliyomo katika waraka wa kompyuta ambayo yakibofywa humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye sura au sehemu husika. Hupatikana katika programu za kuandikia kama vile Microsoft Word, LibreOffice Writer na Google Docs, na hutumika hasa katika nyaraka ndefu kama tasnifu, ripoti na vitabu.

Jinsi vinavyofanya kazi

Orodha inayotengenezwa na programu si maandishi ya kawaida. Programu hukusanya vichwa vyote vilivyopewa mtindo wa kichwa (ngazi ya 1, 2, 3 na kuendelea), kisha huandika kila kimoja pamoja na nambari ya ukurasa wake. Kichwa kilichokolezwa na kukuzwa tu, bila kupewa mtindo huo, hakiingii katika orodha.

Katika Word kila kichwa huwekewa alamisho iliyofichwa ambayo jina lake huanza na _Toc. Kiungo huelekea kwenye alamisho hiyo, si kwenye nambari ya ukurasa. Kwa hiyo kiungo hufika mahali pake hata sura ikihamia ukurasa mwingine, lakini nambari iliyoandikwa hubaki ya zamani hadi orodha isasishwe.

Kuvidhibiti katika Microsoft Word

Orodha huongozwa na msimbo, kwa kawaida TOC \o "1-3" \h \z \u. Msimbo huonekana kwa kuweka kasa ndani ya orodha na kubonyeza Shift+F9. Sehemu zake ni:

- \o "1-3": huchukua vichwa vya ngazi ya 1 hadi ya 3;
- \h: hufanya maingizo yawe viungo;
- \z: huficha nambari za kurasa waraka unapotazamwa kwa mpangilio wa wavuti;
- \u: hujumuisha aya zilizopewa ngazi ya muhtasari.

Baada ya kubadilisha msimbo, kitufe cha F9 husasisha orodha. Kwa kawaida kiungo hufunguliwa kwa kubofya huku Ctrl ikishikiliwa. Sharti hilo laweza kuondolewa katika mipangilio ya programu. Sura ya maingizo hutawaliwa na mitindo TOC 1 hadi TOC 9.

Kuvidhibiti katika LibreOffice Writer

Katika dirisha la kuhariri orodha kuna mstari unaoonyesha muundo wa kila ngazi. Alama LS huonyesha mwanzo wa kiungo na LE mwisho wake. Maandishi yaliyo kati yake ndiyo yanayobofyeka. Alama hizo zikiondolewa, ngazi hiyo haiwi na viungo.

Matatizo ya kawaida

Word inaposasisha huuliza kama ibadilishe nambari za kurasa tu au orodha nzima. Orodha nzima ikisasishwa, marekebisho yaliyofanywa kwa mkono ndani yake hufutika. Inafaa kusahihisha kichwa chenyewe ndani ya sura. Kubonyeza Ctrl+Shift+F9 hugeuza orodha kuwa maandishi ya kawaida yasiyosasishika tena.

Waraka ukihifadhiwa kama PDF kwa amri ya programu yenyewe, viungo hubaki. Ukipitishwa kwenye printa ya PDF, mara nyingi viungo hupotea ingawa orodha inaonekana vilevile. Kwa hiyo ni muhimu kusasisha orodha na kujaribu viungo katika faili la mwisho kabla ya kuwasilisha kazi.