Nyuma ya mzimu kuna mtu: Tuzielewe filamu za upelelezi za zamani zisizo na rangi

Msikilizaji wetu mmoja wa Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, ametuuliza swali ambalo tumelipenda. Anasema kijana wake alimfungulia kwenye simu filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Ndani yake kuna Mzungu mrefu mwenye kiko, ukungu umetanda, mbwa analia usiku, na mwishoni mhalifu anajulikana. Akauliza mambo matatu. Kwa nini filamu hizo zina giza namna ile? Je, sisi tuna mpelelezi wetu wa aina hiyo? Na je, wapelelezi wa kweli hufanya kazi hivyo? Tunajibu yote matatu.

Yule mwenye kiko ni nani?

Kwa maelezo aliyotupa, bila shaka ni Sherlock Holmes. Holmes hakuwahi kuishi. Alibuniwa na daktari wa Uskochi, Arthur Conan Doyle, katika kitabu kilichotoka mwaka 1887. Sinema ilipoanza, ikamchukua mapema: filamu ya kwanza yenye jina lake ilitengenezwa mwaka 1900, na haifiki hata dakika moja.

Waigizaji wengi wamemwigiza, lakini katika filamu zisizo na rangi anayekumbukwa zaidi ni Basil Rathbone. Wengi hawajui kwamba Rathbone alizaliwa Afrika, mjini Johannesburg, mwaka 1892. Kati ya 1939 na 1946 alicheza Holmes katika filamu 14, akiwa na Nigel Bruce aliyeigiza rafiki yake, Dokta Watson.

Hapa ndipo tunapoona jinsi sinema inavyoweza kumbadili mtu. Katika vitabu, Watson ni daktari aliyewahi kuwa jeshini, mwenye akili timamu. Nigel Bruce alimfanya mzee wa kuchekesha, anayeduwaa kila Holmes anapofumbua jambo. Watazamaji walimpenda, na leo wengi wanadhani Watson ndivyo alivyoandikwa.

Filamu yenye mbwa anayelia usiku ni ya mwaka 1939, na imetokana na kitabu cha Conan Doyle kuhusu ukoo wa Baskerville. Watu wa eneo hilo wanaamini kwamba ukoo huo umelaaniwa na unaandamwa na mbwa wa kuzimu. Mkuu wa ukoo anapokufa, kila mtu ananong'ona kuwa ni laana. Holmes hacheki wala haogopi. Anauliza swali moja tu: ni nani atakayefaidika na kifo hiki? Mwishoni inaonekana kwamba mbwa yupo kweli, lakini ni mnyama wa kawaida anayefugwa na mtu anayetaka urithi. Nyuma ya laana kulikuwa na mtu mwenye tamaa.

Kwa nini giza jingi?

Sababu ya kwanza ni fedha. Filamu za rangi zilikwishakuwepo miaka ya 1930, lakini zilikuwa ghali. Filamu za upelelezi nyingi zilitengenezwa kwa haraka na kwa bajeti ndogo.

Sababu ya pili ni ufundi. Mahali pasipo na rangi, mwongozaji hubaki na mwanga na kivuli. Fikiria umewasha kibatari kimoja chumbani usiku na mtu amesimama pembeni: nusu ya uso wake inaonekana, nusu imefichika, na kivuli chake ukutani ni kikubwa kuliko yeye. Ndivyo walivyofanya kwa taa za studio. Mtazamaji anakuwa kama mpelelezi mwenyewe, anaona nusu na kuitafuta nusu nyingine. Ukungu na giza vilisaidia pia kuficha kwamba nyumba ile ni ya mbao na makaratasi.

Mbinu hizi zilikuzwa sana na Wajerumani, na baadhi yao waliukimbia utawala wa Hitler wakaenda kufanya kazi Marekani.

Wapelelezi wa sura nyingi

Si wote waliofanana na Holmes. Mwaka 1941, Mmarekani Humphrey Bogart aliigiza Sam Spade katika The Maltese Falcon. Spade si bwana wa kiko na vitabu. Ni mtu wa mjini, mkavu wa maneno, anayefanya upelelezi kwa malipo. Watu wanadanganyana na kuuana kwa ajili ya sanamu ya mwewe inayosemekana kuwa ya dhahabu na vito. Ikishapatikana, wanagundua kuwa ni bandia.

Kulikuwa pia na mpelelezi wa Kichina aitwaye Charlie Chan, mwenye busara na upole. Lakini mwigizaji aliyempa umaarufu miaka ya 1930, Warner Oland, alikuwa mzaliwa wa Sweden. Studio za wakati ule zilipenda kumpaka Mzungu vipodozi aonekane Mchina kuliko kumpa Mchina nafasi kubwa. Ukitazama filamu hizo leo, lijue hilo.

Na yuko bibi mmoja tunayetaka umkumbuke. Mwaka 1961, Margaret Rutherford alianza kumwigiza Miss Marple, aliyebuniwa na mwandishi Agatha Christie. Katika filamu ya kwanza, bibi huyu yuko ndani ya treni. Treni nyingine inapita sambamba, naye anamwona dirishani mwanamke akinyongwa. Anatoa taarifa, lakini kwa kuwa ni mzee, polisi hawamwamini. Basi anaamua kuchunguza mwenyewe, na ndiye anayeupata ukweli.

India nao walitengeneza zao. Bees Saal Baad ya mwaka 1962, isiyo na rangi, ilichota kutoka kisa kile kile cha Baskerville: ukoo unaoaminika kuandamwa na mzuka, na kumbe kuna mkono wa binadamu.

Kundi la watu linapokosea

Filamu ambayo tungependa kila kijiji kiitazame ni ya Kijerumani, iitwayo M, iliyoongozwa na Fritz Lang mwaka 1931. Mjini Berlin watoto wanauawa na muuaji hajulikani. Hofu inatanda. Mtu mmoja mdogo wa umbo anaulizwa saa na mtoto njiani, naye anamjibu. Mara anazungukwa na watu wanaomshuku kuwa ndiye muuaji. Hana kosa lolote.

Anayemtambua muuaji wa kweli si kundi lile. Ni kipofu anayeuza maputo. Alikuwa amemsikia mteja mmoja akipiga mluzi wimbo fulani siku mtoto alipopotea, na aliposikia mluzi ule tena akaukumbuka. Sisi watu wa redio tunaipenda sehemu hiyo: asiyeona ndiye aliyesikiliza vizuri.

Mpelelezi wetu: Bwana Msa

Sasa swali la pili. Ndiyo, tunaye. Anaitwa Bwana Msa, naye pia huvuta kiko. Rafiki yake ni Najum, na katika visa vyake yumo Inspekta Seif.

Aliyembuni ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti Zanzibar, na baadaye akahariri gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya 1957 na 1958, ikachapishwa kama kitabu mwaka 1960. Baadaye vikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na vingine.

Angalia majina hayo: mzimu, na Giningi, ambao katika masimulizi ya Zanzibar ni mji wa wachawi. Msomaji anaingia akitarajia mashetani. Bwana Msa yeye anatafuta nyayo, maneno yanayopingana na mtu mwenye sababu ya kuua. Alijifunza kwa Holmes, lakini mazingira, mizaha na Kiswahili chake ni vya kwetu.

Bwana Msa tulimpata kwenye kitabu kwa sababu sinema ilifika vijijini kwa kazi nyingine. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, zikazungushwa kwa lori. Miaka ya 1950 zikatengenezwa filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Picha za magari ya sinema zilihusu zaidi kilimo, afya na maisha ya mjini. Za kachero zilibaki kwenye majumba ya sinema ya mijini.

Je, upelelezi wa kweli uko hivyo?

Kwa sehemu ndogo tu. Kwenye filamu, mpelelezi huwakusanya watu wote sebuleni, anamnyooshea mmoja kidole, naye anakiri. Katika maisha, anayechunguza ni polisi, anayeamua hatia ni mahakama, na kukiri peke yake hakumalizi kesi.

Lakini jambo moja filamu hizi zinalisema sawasawa: anayeshukiwa wa kwanza mara nyingi siye. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mpelelezi mzuri haitumii methali hiyo. Sheria yetu ya ushahidi nayo inataka anayesema "nimeona" awe ameona mwenyewe, si kwamba ameambiwa na jirani.

Hili si jambo la sinema tu. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo huweza kuletwa na moshi wa kuni wa maisha yote jikoni. Baadhi ya mauaji hayo, yalipochunguzwa, yalikuwa na ugomvi wa shamba au urithi nyuma yake. Swali la Holmes kwa ukoo wa Baskerville lingefaa kuulizwa hapo: nani anafaidika?

Basi likitokea jambo baya kijijini, fanya haya:

- Usiguse kitu mahali pa tukio, wala usiruhusu watu wapakanyage. Nyayo na vitu vilivyodondoka ni ushahidi.
- Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji au kituo cha polisi kilicho karibu.
- Sema ulichoona na kusikia mwenyewe. Ulichoambiwa, sema kwamba umeambiwa, na nani.
- Mtu akinyooshewa kidole, zuia asipigwe. Kujichukulia sheria mkononi ni kosa, na aliyekufa harudishwi ikigundulika hakuhusika.

Na jioni ukiwa na chaji ya kutosha, itazame filamu mojawapo pamoja na familia. Kabla haijafika mwisho, isimamishe kidogo. Muulize kila mmoja anamshuku nani, na kwa ushahidi gani. Kisha iendelezeni mwone ni wangapi waliomshuku asiye na kosa.