Umefaulu mitihani ya CPA: nani atathibitisha uzoefu wako?

Kijana wa Rombo akifaulu mtihani wa mwisho wa uhasibu, nyumbani wanasema ameshakuwa CPA. Kwenye Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, bado ana safari. Kufaulu ni jambo moja na kusajiliwa ni jambo jingine. Katikati yake kuna miaka isiyopungua mitatu ya kazi ya uhasibu, na kazi hiyo lazima athibitishe mtu anayetambuliwa na Bodi. Hapo ndipo wengi wanaofanya kazi mbali na mijini hukwama.

NBAA iliundwa kwa Sheria namba 33 ya mwaka 1972. Inafanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya: inatahini, na inasajili. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Ukimaliza ngazi ya mwisho, umemalizana na upande wa mitihani. Kupanda daraja la uanachama linaloitwa ACPA kunataka mitihani hiyo pamoja na uzoefu. Kuendesha ofisi ya ukaguzi kwa jina lako kunahitaji kibali kingine juu ya hapo, na kukagua hesabu za watu bila usajili ni kosa kisheria.

Kwa sisi tulio karibu na mpaka, tofauti hii ni rahisi kuiona ukivuka tu kuelekea Loitokitok. Kenya kazi hizo wamezigawa kwa taasisi mbili: KASNEB hutahini, ICPAK husajili. Mwenye cheti cha KASNEB mkononi hajawa mwanachama wa ICPAK. Mwaka 2011 taasisi za wahasibu za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana, lakini yanamfaa mtu ambaye tayari ni mwanachama kwao. Kwa hiyo ukitaka siku moja kufanya kazi upande wa pili, anza kwa kusajiliwa huku.

Kazi gani inahesabika?

Cheo kwenye barua ya ajira hakitoshi. Mtu anaweza kuitwa mhasibu wa shule kwa miaka minne, na muda wote huo alikuwa akipokea ada, akikata risiti na kupeleka fedha benki. Ni kazi ya heshima, lakini kama uzoefu wa kitaaluma ni nyembamba. Mwenzake katika SACCOS ndogo anafanya usuluhishi wa benki kila mwezi, anaandaa makisio ya mwaka, anafunga hesabu, anashughulikia kodi na kujibu hoja za wakaguzi. Huyo wa pili ana cha kuonyesha, hata kama mshahara wake ni mdogo.

Kama kazi yako ni ya upande mmoja tu, omba kuongezewa. Mwambie meneja akuruhusu kukaa na wakaguzi wanapokuja, au ushiriki kufunga hesabu za mwaka. Mara nyingi hakatai, maana unampunguzia mzigo.

Mdhamini si yule wa mkopo

Neno mdhamini huwatisha watu bure. Katika SACCOS mdhamini ndiye anayelipa ukishindwa kurejesha mkopo. Mahakamani ni anayekutoa kwa dhamana. Wengine husikia mdhamini wakadhani ni mfadhili wa ada. Kwenye usajili wa kitaaluma mdhamini halipi kitu. Anachokiweka rehani ni jina lake: anasema anakufahamu, ameiona kazi yako, na unafaa kuaminiwa na fedha za watu. Akiwa mhasibu aliyesajiliwa na akatia saini jambo la uongo, naye anaweza kufikishwa kwenye nidhamu ya taaluma. Ndiyo maana mtu mwenye busara hatakusainia kwa sababu tu mnatoka kijiji kimoja au alisoma na kaka yako. Usimlaumu.

Na barua za kununua? Zipo, kila mtu anajua. Kughushi nyaraka ni kosa la jinai, na usajili uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi, wakati una familia na cheo.

Bosi asipokuwa mhasibu

Hili ndilo tatizo la Tarakea hasa. Waajiri wa huku ni AMCOS za kahawa, SACCOS, shule, zahanati, maduka ya jumla na ofisi za mawakala wa forodha pale mpakani. Katika wengi wao, anayekusimamia ni mwenyekiti, mwalimu mkuu au mwenye mali. Anaweza kuthibitisha kwamba ulifika kazini. Ubora wa hesabu zako hawezi kuuthibitisha.

Angalia basi nani mwingine anaiona kazi hiyo. Vyama vya ushirika hukaguliwa, na shirika la COASCO lipo kwa kazi hiyo tangu sheria yake ya mwaka 1982. Halmashauri ya Wilaya ya Rombo, makao yake Mkuu, ina idara ya fedha na kitengo cha ukaguzi wa ndani. Moshi mjini zipo ofisi za ukaguzi, na kipo Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika. Kabla hujahesabu miaka, iulize Bodi kwa maandishi kama mtu unayemfikiria anakubalika kukusimamia, na jibu ulitunze. Kuuliza mwaka wa kwanza ni bora kuliko kuambiwa hapana mwaka wa tatu.

Njia nyingine ni kutoka kwa muda. Mwaka mmoja wa utarajali kupitia TaESA, au katika ofisi ya ukaguzi Moshi au Arusha, unaweza kukupa msimamizi mwenye sifa kuliko miaka mingi ya kufanya kazi peke yako. Posho ni ndogo na chumba mjini ni gharama, kwa hiyo si kila familia itaweza.

Wanaosoma ACCA ya Uingereza wana utaratibu ulioandikwa wazi zaidi. Wanatakiwa miezi 36 ya kazi, kabla, wakati au baada ya mitihani, pamoja na malengo ya utendaji yanayothibitishwa na mhasibu mwenye sifa. Kama bosi wako hana sifa hiyo, yeye anaweza kusaini muda tu, na malengo yakasainiwa na mhasibu wa nje anayeijua kazi yako, kwa mfano mkaguzi wa taasisi yenu. CFA, ya wachambuzi wa uwekezaji, inataka saa 4,000 katika muda usiopungua miezi 36 na barua za watu wawili au watatu, lakini kazi iwe inahusu maamuzi ya uwekezaji. Kuandika vitabu vya hesabu peke yake hakutafaa huko.

Anza kuandika leo

Nunua daftari gumu. Kila mwisho wa mwezi andika ulifanya nini hasa: “nimesuluhisha akaunti mbili za benki, nimekuta hundi moja haijalipwa, nimerekebisha.” Kila baada ya miezi mitatu msimamizi asome na kutia saini, tarehe na namba yake ya usajili. Usingoje mwisho. Msimamizi huhamishwa, hustaafu, hufariki. Ofisi hufungwa na muhuri hupotea.

Siri za wateja na wanachama zisiingie humo. Andika kazi, usiandike majina ya watu na salio lao. Tunza pia barua ya ajira, maelezo ya majukumu na hati za mshahara, na uzipige picha kwa simu ukajitumie kwenye barua pepe yako. Siku unayoacha kazi, hata kama mmeachana vibaya, omba barua ya utumishi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza kabla hujakabidhi funguo.

Na ukiitwa kwenye usaili, wakikuuliza kama una swali, uliza hili: “Nani atanisimamia, na je, amesajiliwa NBAA?”