Raleigh ya kweli ao ya fo: namna ya kutambua baiskeli ya zamani kabla ya kutoa feza

Kindu, baiskeli si kitu cha kutembelea tu. Kinga, kama wengi wanavyosema, njo gari ya mchele, ya mihogo, ya makala na ya mafuta ya mawese. Hesabu ni nyepesi: bidoni moja ya litre 20 ya mafuta inapita kidogo kilo 18. Mtu akifunga bidoni sita, kadre inabeba karibu kilo 110, na mwenyewe anasukuma kwa mguu kwenye mchanga, mashimo na vilalo vya miti. Furshi ikivunjika katikati ya pori, si baiskeli peke yake inaanguka. Mafuta inamwangika, na mara nyingi ile mafuta ilichukuliwa kwa deni.

Kwa ile sababu watu wanaendelea kutafuta baiskeli za zamani za Waingereza, zaidi Raleigh, juu wazee wanasema chuma chake haichoki. Na kwa sababu zinatafutwa, ziko wenye kuzitengeneza kwa rangi na vibandiko: kadre yoyote nyeusi, jina la Raleigh juu yake, na bei inapanda.

Raleigh ilianza Nottingham, Uingereza. Jina lilitoka kwa barabara ya Raleigh ambako kulikuwa kiwanda kidogo ambacho tajiri Frank Bowden alinunua, na kampuni yenyewe ikaanzishwa mwaka 1888. Mwaka ule ule, John Boyd Dunlop aliandikisha pine yake ya kujazwa hewa. Mambo haya mawili hayakubaki Ulaya. Pine zilitaka mpira, na sehemu ya ule mpira ilikamuliwa kwa nguvu katika pori za Kongo ya mfalme Leopold. Babu zetu walilipa baiskeli mbele hata ya kuiona.

Baadaye Raleigh iliuzishwa Afrika nzima kwa sifa ya kuwa baiskeli ya chuma tupu. Kazi ya kutengeneza baiskeli Nottingham ilikoma mwaka 2002. Basi, mtu anayekuambia hii Raleigh imetoka Nottingham «juzi juzi», umwulize maswali.

Hapa inafaa kupima maneno vizuri. Raleigh haikutengenezwa Nottingham peke yake. Uhindi, kwa mufano, kulikuwa kiwanda cha Sen-Raleigh katika Asansol. Baiskeli isiyoandikwa Nottingham si lazima iwe ya fo. Na Hero ya Ludhiana, Uhindi, iliyoanza mwaka 1956, ao Phoenix ya Shanghai, iliyoanza 1958, si baiskeli mbaya. Nyingi zimelisha watoto wa Maniema. Shida inaanza pale Phoenix inavaa jina la Raleigh na bei ya Raleigh.

Wanunuzi wengi wanaanza na rangi na jina. Ni kosa. Rangi njo kitu cha kwanza kubadilishwa na njo kitu rahisi zaidi kuiga. Kibao cha mbele, kwenye shingo ya kadre, kinasaidia kidogo: Raleigh ya zamani iko na kichwa cha ndege wa shingo ndefu, korongo, kwenye kibao cha chuma kilichofungwa kwa misumari midogo, si karatasi ya kubandika. Lakini kibao kinaweza kutolewa kwa kadre iliyokufa na kufungwa kwa ingine. Angalia matundu. Kama matundu ya zamani hayalingane na ya kibao, ao yamejazwa na rangi, kibao kilihamia.

Kisha angalia gurudumu la meno, pale sheni inazunguka. Kwa Raleigh nyingi lile gurudumu limekatwa umbo la korongo watatu. Ile ni alama nzuri, lakini nayo inafunguliwa kwa ufunguo na kuhamishwa. Furshi vilevile: mabega yake mawili ya bomba yamefunikwa na vikofia vya nikeli. Viwanda vingine viliiga ile sura, basi usiamue juu ya vikofia peke yake.

Kipimo chenye nguvu kiko ndani, kwenye pedalie, na kila mekanisie anaweza kukifanya. Baiskeli nyingi za namna ya Kiingereza, na zile za Uhindi na Uchina zilizofuata mufano wao, ziko na mizunguko 24 ya uzi wa parafujo kwa kila inchi katika vikombe vya pedalie. Raleigh ya Nottingham ilikuwa na kipimo chake yenyewe: mizunguko 26. Inchi moja ni milimetre 25 na nusu hivi, kwa macho tofauti haionekane. Kwa mkono inasikika. Ukichukua kikombe cha kawaida cha sokoni na kujaribu kukiingiza kwa vidole ndani ya kadre ya Raleigh, kinashika mzunguko mmoja ao miwili, halafu kinakataa. Kikiingia mpaka mwisho bila nguvu, ile kadre haikutoka Nottingham na uzi wake wa asili, hata kama korongo kumi wamechorwa juu yake. Shingo ya furshi nayo ilifuata ile kipimo ya 26.

Mambo mawili ya kuangalia. Usimwache mtu alazimishe kikombe kwa ufunguo mrefu: uzi wa zamani utaharibika na kadre ya kweli itauawa juu ya kutaka kuijua. Tena, kadre zingine za kweli zilikwisha kukatwa uzi mpya zamani, kwa sababu vikombe vya 26 havipatikane. Ndani ya kadre kama ile utaona alama mpya za chuma kilichokatwa, ao kikombe kinacheza. Ni Raleigh, lakini pedalie yake imechoka, na bei inapashwa kushuka.

Ulaya, watu wenye kukusanya baiskeli za mashindano za Italia, kama Bianchi na Colnago, wanafanya kazi ile ile. Pedalie ya Italia iko na upana wa milimetre 70 na vikombe vyake viwili vinafungwa kwa mkono wa kuume. Ile ya Kiingereza ya kawaida ni milimetre 68, na kikombe cha upande wa sheni kinafungwa kinyume. Kadre ya Kiingereza iliyopakwa rangi ya Italia inajulikana pale pale.

Numero nayo ina maana kubwa. Mara nyingi imegongwa nyuma ya bomba la kiti ao chini ya pedalie. Toa matope, pitisha kidole. Numero ya kiwanda imeingia ndani ya chuma chini ya rangi. Kama sehemu ile imesuguliwa na tupa na kuwa laini kupita jirani zake, acha ile baiskeli. Hapo swali si Raleigh ao Phoenix tena, ni nani aliibiwa. Baiskeli inavuka Lualaba kwa mtumbwi kati ya Kasuku na Alunguli kwa dakika chache, na mwenyewe akiitambua kesho, aliyenunua njo anabaki kujieleza. Andika numero kwenye karatasi ya kununua, na shahidi atie sahihi.

Kama gurudumu la nyuma liko na vitesi vya Sturmey-Archer, bahati yako: juu ya bomba la katikati, pale rayo zinaingia, mara nyingi kumegongwa mwaka na mwezi. Soma «65 7», ni mwezi wa saba 1965. Gurudumu linabadilishwa, kwa hiyo tarehe ni ya gurudumu, lakini haiwezi kuwa mbali sana na kadre kama hakuna kitu kimehamishwa. Kiti cha Brooks kinaigwa mingi mno, afazali usikihesabu.

Mwisho, hata kadre ya kweli kabisa inaweza kuwa imekufa. Mahali mabomba yanaungana, Raleigh iko na vikono vya chuma vinavyoshika mabomba. Zungusha furshi, tafuta mstari mwembamba wa kutu chini ya mabega na nyuma ya shingo: kutu iliyofuata mstari ni ufa. Sudire nono ya karibuni kwenye shingo inaonyesha kwamba ilivunjika tayari. Kwa kwenda kanisani ao sokoni itatosha. Kwa bidoni sita kutoka Kibombo, hapana, nunua Phoenix mpya.