Masheikh na Siasa ya Uhuru: Tanganyika Ikitazamwa Kutoka Vwawa

Mji wa Vwawa, makao makuu ya Wilaya ya Mbozi na, tangu mwaka 2016, ya Mkoa wa Songwe, si mahali ambapo mtafiti wa fikra za Kiislamu huanzia kazi yake. Katika nchi hiyo ya Wanyiha waliotangulia kujenga shule ni wamisionari wa Kimoravia, waliofungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Hata hivyo, uko uamuzi wa masheikh wa Dar es Salaam ambao maana yake huonekana vizuri zaidi Vwawa kuliko Kariakoo.

Ni desturi kuianza habari ya wanazuoni na siasa huko Mombasa, kwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Hoja za wanamageuzi wa Misri alizigeuza kuwa maswali ya Waswahili wenyewe: elimu iliyodorora, ardhi iliyoponyoka. Lakini siasa ya Tanganyika haikuzaliwa na kalamu hiyo. Ilitegemea zaidi darasa na zawiya.

Sheikh Hassan bin Ameir, mzaliwa wa Zanzibar na mwalimu wa tarika ya Kadiria, hakuhitaji gazeti. Neno lake lilisafiri na wanafunzi wake. Mwaka 1950 alikuwa katika kamati ndogo ya siasa ya TAA pamoja na Abdulwahid Sykes na Hamza Mwapachu, na humo walikuwamo Wakristo pia, kama John Rupia na Dk. Vedasto Kyaruzi. Chama kilipogeuka kuwa TANU mwaka 1954, masheikh wa namna yake walikipa kitu ambacho hakuna ofisi ingeweza kukinunua, yaani imani ya watu wa kawaida.

Imani hiyo ilijaribiwa. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, aliuliza hadharani Waislamu wangepata nini baada ya uhuru, kwa kuwa elimu ilikuwa mikononi mwa wengine. Alifukuzwa chamani. Mwaka uliofuata AMNUT, chama cha Waislamu peke yao, kiliomba uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wafikie wenzao kielimu. Si haki kuwadharau walioomba hivyo; pengo walilolitaja lilikuwapo. Lakini walio wengi miongoni mwa masheikh walibaki TANU, na AMNUT haikupata wafuasi wengi.

Hapo ndipo Vwawa inapofaa kukumbukwa. Chama cha dini moja kingeishia zilipoishia madrasa, nacho kisingekuwa na la kuwaambia Wamoravia wa Mbozi. Masheikh waliokikataa hawakuwa wamesahau dini yao, kama walivyolaumiwa baadaye. Walichagua chombo kinachoweza kufika mpakani, wakitumaini kwamba swali la Takadir lingejibiwa baada ya uhuru.

Walilirudia swali hilo kupitia Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyoasisiwa mwaka 1945 na iliyojishughulisha na shule. Mwaka 1968 mgogoro uliigawa jumuiya hiyo, serikali ikaipiga marufuku, na BAKWATA ikaundwa mahali pake. Mwaka huohuo Sheikh Hassan bin Ameir alikamatwa na kurudishwa Zanzibar.